Kinanda Kinachopima Kasi ya Kidole

Je, wajua kwamba chini ya kila kibonyezo cha piano ya dijitali kuna kitu kinachofanya kazi ya saa? Swichi mbili zimepangwa pale, moja ikitangulia nyingine. Kidole kikishuka, kinaigusa ya kwanza, kisha ya pili, na chombo kinapima muda uliopita katikati, ambao ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Ukiwa mfupi, kidole kimeshuka kwa kasi, basi sauti inatoka kwa nguvu. Ukiwa mrefu, sauti inatoka kwa upole. Jibu la kipimo hicho huandikwa kwa namba kati ya 1 na 127, kwa utaratibu wa MIDI ambao watengenezaji wa vinanda walikubaliana kuutumia mwaka 1983, kisha chombo kinachagua sauti inayolingana na namba hiyo. Sauti zenyewe kwa kawaida zilirekodiwa kutoka kwa piano halisi.

Mzazi wa hapa Katito, Nyakach, anayetaka kumnunulia mtoto kinanda cha kuanzia masomo aulizie kipimo hicho kabla ya kuuliza jambo lingine lolote. Dukani ataonyeshwa taa, midundo ya rumba na mamia ya milio, kuanzia tarumbeta hadi filimbi. Vyote hivyo havimfundishi mtoto piano. Yamaha PSR-F52, kwa mfano, ina vibonyezo 61 na midundo tele, lakini haipimi mguso: ukigonga au ukipapasa, sauti ni ileile. Casio nao wana ndugu wawili wanaofanana sana kwa sura, CT-S200 na CT-S300. Wa kwanza hapimi mguso, wa pili anapima. Asiyejua atachukua wa bei ya chini na kuondoka ameridhika.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu piano ilibuniwa kwa ajili yake. Vinanda vingi vya nyuzi vilivyokuwapo Ulaya kabla yake vilidonoa uzi kwa nguvu ileile, mchezaji afanye atakavyo. Karibu mwaka 1700, mjini Florence, fundi Bartolomeo Cristofori aliunda kinanda ambacho kibonyezo chake hurusha nyundo kwenye uzi, na nyundo huenda kwa kasi inayotoka kidoleni. Tangu hapo mchezaji aliweza kunong'ona na kupaza sauti kwa chombo kilekile. Mtoto wa Nyakach hahitaji somo refu kulielewa hilo ikiwa amewahi kumsikiliza mpiga nyatiti. Nyuzi ni nane tu, lakini vidole vinajua uzi upi ukwanyuliwe kwa nguvu na upi uguswe kidogo ili sauti ya mwimbaji isizamishwe. Mtoto anayejifunza mwaka mzima kwenye kinanda kisichopima mguso anazoea kugonga, na mwalimu atakuja kuhangaika sana kuulainisha mkono huo.

Njia ya kupima dukani haihitaji utaalamu. Chagua mlio wa piano, weka sauti ya wastani, kisha kishushe kibonyezo kimoja polepole kabisa mpaka mwisho. Kinanda kinachopima mguso kitatoa sauti hafifu mno, au kitanyamaza. Kile kisichopima kitalia kwa nguvu zake zote. Rudia kibonyezo baada ya kibonyezo, hasa kama chombo ni cha mtumba, kwa sababu kimoja kilichochakaa ndani huwa kinapayuka peke yake katikati ya wimbo.

Baada ya mguso, uzito. Ndani ya piano halisi nyundo za besi ni nzito kuliko za sauti za juu. Piano nzuri ya dijitali huiga hali hiyo kwa kuweka kipande cha uzito kwenye kila kibonyezo, hivyo kidole kinapata kitu cha kusukuma na misuli inakomaa. Ala za aina hii huwa na vibonyezo 88 kamili, 52 vyeupe na 36 vyeusi. Yamaha P-45, inayopatikana sana ikiwa imetumika, ina uzito wa kilo 11.5 na urefu unaozidi mita 1.3, kwa hiyo uifikirie safari ya kutoka Kisumu kupitia Ahero kabla ya kuita bodaboda. Fedha zikitosha, nunua yenye uzito mara moja. Zisipotosha, vibonyezo 61 vya ukubwa wa kawaida vinavyopima mguso vitamtosha mtoto kwa masomo ya mwanzo, maana vitabu vya wanaoanza huzunguka katikati ya kinanda. Vile vibonyezo vyembamba vya kitoto viache dukani. Mkono ukivizoea, utapotea siku ukikutana na piano ya kweli.

Kuna kitufe kimoja ambacho ningemwomba kila mzazi akipige marufuku: kile cha kuhamisha ufunguo. Makanisani wapo wapigaji wanaocheza katika ufunguo mmoja tu, kisha mashine inawapandishia au kuwateremshia sauti kuifuata kwaya. Ibada inaendelea vizuri, sina neno. Lakini mtoto anayesoma noti ataona C kwenye karatasi huku sikio likisikia E, na sikio changa halipaswi kudanganywa.

Stima nayo ina sauti katika uamuzi huu. Vinanda vidogo kama CT-S300 hukubali betri sita za kawaida, na hilo ni msaada mkubwa jioni umeme unapokatika. Piano nyingi za vibonyezo 88 hutegemea adapta. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa kabisa; kuzima swichi ya chombo hakutoshi. Ukinunua cha mtumba, soma maandishi ya adapta. Kilichotoka Uingereza kinalingana na umeme wetu, hata plagi ni ileile. Kilichotengenezwa kwa ajili ya Japani kinatarajia volti 100, na ukikichomeka moja kwa moja kwenye volti 240 za Kenya umekiunguza. Upande wa hali ya hewa, hapa dijitali inaishinda piano ya mbao. Mbao hunywa unyevu na kukauka tena, nyuzi zikalegea, na mtaalamu wa kuzikaza si mtu wa kumpata sokoni Katito. Dijitali haipotezi sauti yake. Ifunike tu isiingie vumbi.

Mzazi mwenye ndoto ya mitihani ajue pia kwamba bodi ya ABRSM ya Uingereza ilianza mwaka 2020 kupokea mitihani ya kucheza iliyorekodiwa kwa video. Kwa mitihani hiyo inakubali piano ya dijitali yenye vibonyezo vizito vya ukubwa kamili na pedali. Mtoto anaweza kutahiniwa akiwa sebuleni kwao.

Limebaki suala la meza. Vibonyezo vya piano viko takriban sentimita 73 kutoka sakafuni, ilhali meza ya kulia chakula peke yake hufikia hapo. Ukikiweka kinanda juu yake, mabega ya mtoto yatapanda na viganja vitapinda. Mwambie fundi seremala atengeneze meza ya sentimita 60 hivi, imara, isiyoyumba. Kiti kiwe cha kimo cha kuiacha mikono ya mtoto, kuanzia viwiko, ilale sambamba na vibonyezo, na miguu isipofika chini, fundi huyohuyo aongeze kibao cha kuikanyagia.