Nderema: Jina la Mboga na Wajibu wa Mtunga Kamusi

Msemaji wa Kiswahili alisikiapo neno nderema hukumbuka kwanza shangwe, yaani "nderema na vifijo", ingawa wengine hutamka nderemo. Magharibi mwa Kenya, hata hivyo, nderema ni mboga. Maneno haya mawili ni homonimu: yanafanana kwa sauti, si kwa maana. Jina la mboga latokana na Kiluhya, ambamo hutamkwa enderema. Kwa kuwa nomino za Kiswahili hazitanguliwi na irabu ya namna hiyo, irabu hiyo imedondoshwa, na neno limeingia katika ngeli ya I-ZI bila taabu.

Mmea wenyewe, ambao wanabotania huuita Basella alba, hutambaa kwa kujizungusha kwenye vichaka na nyua, hasa mahali penye unyevu, kama vile kingo za mito na pembezoni mwa misitu. Majani yake ni manene na hung'aa. Vijitunda vyake viivapo huwa na maji ya zambarau iliyokoza. Huchumwa majani machanga na machipukizi. Baadhi ya watu hukata vipande vya shina na kuvipanda kando ya nyumba, hivyo nderema ni ya mwituni na ya uani pia.

Sifa yake kuu jikoni ni utelezi. Majani yapikwapo hutoa ute, kama ilivyo kwa mrenda. Kwa sababu hiyo mpishi huyachanganya na mboga ngumu au chungu, mathalani majani ya kunde au mnavu, ili zilainike na ziteremke vyema pamoja na ugali.

Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalichapisha kitabu cha Patrick Maundu na wenzake kuhusu mimea ya asili iliwayo nchini humo, pamoja na majina yake katika lugha mbalimbali. Wanaleksikografia tunapaswa kuipokea kazi hiyo na kuiendeleza. Fasili isemayo "aina ya mmea utambaao" hulingana na magugu mengi, wala haimsaidii kijana aliyekulia mjini kuitambua mboga ya bibi yake. Kwa hiyo napendekeza kitomeo kifuatacho:

nderema nm [i-/zi-] mboga itambaayo, yenye majani manene yatoayo utelezi yapikwapo, agh. huchanganywa na mboga ngumu au chungu ili kuzilainisha.