Lipa Deni Kwanza, Kisha Uombe Nyumba

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7, Nehemia 5:1-13



Swali moja linatufikia mara nyingi kutoka kwa ndugu na dada wanaofanya kazi kwenye kampuni za shaba: «Muchungaji, ningali nalipa deni. Je, naweza kuomba banki mukopo wa kununua nyumba?» Sheria haikatazi. Lakini kuruhusiwa na kufaa ni mambo mawili. Tuangalie kwa utaratibu.

Wazee wetu wengi hawakuwa na swali hili. Union Minière, na nyuma yake Gécamines, iliweka wafanyakazi katika kambi zake, kama vile Musonoi, Kapata na Luilu. Leo wafanyakazi wengi wanapewa feza ya nyumba ndani ya mushahara, na inaishia kwenye kodi. Kutamani lupangu lako si zambi. Hatari iko katika njia ya kulipata.

Banki inaangalia nini?

Banki inaanza na mambo matatu: kontra ya kazi, mushahara unaopita kwenye konti, na madeni uliyo nayo tayari. Banki nyingi hazitaki malipo ya madeni yote pamoja yapite karibu sehemu moja ya tatu ya mushahara. Tena Banki Kuu ya Congo inaweka kitabu cha mikopo, kinachoitwa centrale des risques, ambamo banki zinaweza kuona deni lako la banki ingine.

Tuchukue mufano wa ndugu anayepata dola 900 kwa mwezi. Sehemu moja ya tatu ni 300. Kama analipa tayari 200 kwa ajili ya pikipiki na avansi ya mushahara, kwa nyumba kunabaki 100 tu. Tuweke faida ya 12 kwa mia kwa mwaka, na miaka 10 ya kulipa. Kwa 100 kila mwezi, atapata mukopo wa karibu dola 7 000. Kama angemaliza deni kwanza, kwa 300 kila mwezi angepata karibu dola 21 000. Mushahara ni ule ule. Deni la zamani ndilo lililokula nyumba.

Tusisahau upande mwingine: kwa hizo 21 000 atarudisha 36 000 katika miaka hiyo 10. Ndiyo maana Bwana wetu, katika Luka 14, alisema juu ya mutu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama mbele ya kujenga munara.

Deni ambalo banki haioni

Wengi wetu tuko na madeni ambayo hayaandikwi popote. Kuna banki Lambert. Kuna deni la duka. Kuna likelemba: ukikula zamu yako ya kwanza, miezi inayobaki yote ni deni. Ndugu anaweza kuficha haya mbele ya banki na kupewa mukopo. Lakini mwisho wa mwezi wote watakuja kwenye mushahara mumoja. Kuficha deni ni uongo, na wa kwanza kudanganyika ni yule anayeficha.

Ipoteke ni kitu gani?

Ipoteke ni kuweka nyumba rehani. Unaishi ndani yake, lakini usipolipa, banki inaweza kuifikisha kwenye munada kwa njia ya sheria. Kwa sheria ya tarehe 20/7/1973, udongo wa Congo ni mali ya Serikali. Mutu anapewa haki ya kuutumia, na hati inayoshuhudia haki hiyo ni certificat d'enregistrement. Ipoteke inaandikwa juu ya hati hiyo. Karatasi ya shefu wa kartie au ya muuzaji peke yake haitoshi. Kwa hiyo usikope hata dola moja kwa ajili ya lupangu ambalo hujathibitisha hati yake kwa konservatere wa hati za udongo.

Tena sheria ya jamaa inadai mapatano ya mume na muke mbele ya kuweka lupangu rehani. Ndugu, usimuitishe mama wa watoto kutia sahihi asipojua madeni yako yote. Nyumba ikiuzwa, yeye na watoto ndio watatoka na godoro kichwani.

Mugodi unaweza kusimama

Mwisho wa mwaka 2019, mugodi wa Mutanda wa Glencore ulisimamishwa wakati bei ya kobalti ilianguka, na ulikaa hivyo kwa karibu miaka miwili. Mwezi wa pili wa 2025, Serikali ilisimamisha kupeleka kobalti inchi za inje, na mwezi wa kumi ikaanza kuweka kiasi kwa kampuni. Mukopo wa miaka 10 haujui mambo haya: tarehe ikifika, unadai. Mwenye mukopo wa nyumba peke yake anaweza kuvumilia miezi michache kama ameweka akiba. Mwenye nyumba, pikipiki, avansi na banki Lambert pamoja, mwezi wa kwanza tu unamuangusha.

Utaratibu wa Elisha

Mujane wa 2 Wafalme 4 alikuwa na mudai aliyekuja kuchukua watoto wake wawili kuwa watumwa. Mungu alimupa mafuta mengi. Tuone vizuri amri ya Elisha katika mustari wa 7: kuuza mafuta, kulipa deni, kisha kuishi na watoto kwa kile kinachobaki. Muujiza ulifika, lakini deni lililipwa kwanza. Nasi tufanye hivi:

1. Andika madeni yote kwenye karatasi moja, pamoja na mwenzako wa ndoa.
2. Anza na lile linalokula zaidi. Ukikopa 100 kwa banki Lambert na kurudisha 130 nyuma ya mwezi mumoja, faida ni 30. Katika mufano wetu wa banki, faida ya mwezi kwa 100 ni 1.
3. Usichukue deni jipya, hata kwa arusi, hata kwa sadaka ya ujenzi. Sisi wachungaji tusimusukume mutu kukopa kusudi atoe.
4. Deni likiisha, endelea kuweka kiasi kile kile kila mwezi, kama vile ungali unalipa. Hiyo ni akiba yako, na ni jaribio la kama utaweza mukopo wa nyumba.
5. Hapo ndipo uende banki, ukiwa na hati ya lupangu iliyothibitishwa.

Neno moja kwa wanaokopesha. Katika Nehemia 5, watu walikuwa wameweka mashamba na nyumba zao rehani, na waliowadai walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia hakuwaambia tu waombe. Aliwaita wadai, nao wakarudisha. Kama banki Lambert inaketi nasi kwenye kwaya, na tulisome neno hilo pamoja.

Maswali kwa selula ya wiki hii

Je, mwenzangu wa ndoa anajua madeni yangu yote? Mushahara ukikosa miezi mitatu, ni nani atanidai wa kwanza? Je, kuna ndugu ananilipa faida ambayo naona haya kuisema mbele ya kanisa?

Bwana awape hekima ya kungoja, na awape nyumba wakati wake.