Kingamwili za saratani zimepata mnunuzi, za sumu ya nyoka bado

Mwishoni mwa Agosti 2025, Wizara ya Afya ya Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) na kampuni ya Roche zilitia saini mkataba ulioshusha bei ya Herceptin, dawa ya saratani ya matiti, kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa kila awamu ya matibabu. SHA ilikubali kuzilipa hizo 40,000 zote. Mgonjwa huhitaji awamu 18, moja kila wiki tatu. Piga hesabu: kwa bei ya zamani ni shilingi 2,160,000, kwa bei mpya ni 720,000. Kwa familia inayoishi kwa ndengu na mbuzi kule Mutomo, Kitui, au Kathonzweni, Makueni, bei ya zamani ilimaanisha kuuza shamba, na pengine hata shamba lenyewe lisingefikisha hela hizo. Harambee za WhatsApp huchanga nauli na gharama za kulazwa, lakini milioni mbili ni mlima mwingine.

Herceptin, ambayo jina lake la kitaalamu ni trastuzumabu, ni kingamwili iliyoundwa na binadamu. Kingamwili ni zile protini ambazo mwili hutengeneza ili kushika adui mmoja maalumu na kumwacha mwingine apite. Wataalamu wa Genentech, kampuni ya California, walichukua kingamwili ya panya inayoshika protini iitwayo HER2, wakabadilisha sehemu kubwa yake ifanane na ya binadamu ili mwili usiikatae. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1998, na 2009 Roche ikainunua Genentech yote. Kiwandani huzalishwa na seli za hamsta zilizopandikizwa jeni, zikilishwa ndani ya matangi ya chuma yenye maelfu ya lita. Mitambo ya aina hiyo ni ghali, na hapo ndipo kampuni huanza kujitetea zinapoulizwa habari za bei.

Soko lenyewe ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2022 yanaonyesha kwamba Kenya hupata wagonjwa wapya zaidi ya 7,000 wa saratani ya matiti. Kati ya 100, ni 15 hadi 20 ambao uvimbe wao una HER2 nyingi kiasi cha kufaidika na dawa hii. Hao ni kama watu 1,000 hadi 1,500 nchi nzima. Kaunti za Kitui na Makueni, ambazo kwa sensa ya 2019 zilikuwa na wakazi milioni 2.1 kwa pamoja, zingepata wagonjwa 50 au 60 kwa mwaka ikiwa ugonjwa unagawanyika sawasawa. Hiyo ni hesabu yangu ya juu juu, lakini inatosha kuonyesha kwa nini hakuna gavana ambaye angeweza kwenda Roche peke yake akapata bei nzuri.

Na hao 50 lazima kwanza wajulikane. Kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe hutiwa kwenye formalini, kikagandishwa kwa nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kisha kikapakwa rangi. Mpatholojia anapochungulia kwenye hadubini, seli zenye HER2 nyingi huonekana zimezungushiwa pete ya kahawia iliyokoza. Hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Mwenye 3 anafaa kupewa dawa. Mwenye 2 hupimwa tena kwa kipimo cha jeni. Kinyama kikicheleweshwa kutiwa formalini, au kikiachwa humo siku nyingi mno kikisubiri gari la kwenda Nairobi, pete ile yaweza kufifia na majibu yakapotosha. Halafu kuna moyo: dawa hii huweza kuudhoofisha, kwa hiyo mgonjwa hupimwa moyo kabla ya kuanza na tena katikati ya matibabu. Mkataba umeshughulikia bei ya dawa. Safari ya kilomita kama 170 kutoka mji wa Kitui hadi Nairobi, kila wiki tatu kwa mwaka mzima, imebaki mfukoni mwa mgonjwa.

Je, Roche ilishusha bei kwa huruma? Nadhani huruma ilisaidiwa na kalenda. Hataza ya Herceptin iliisha Ulaya mwaka 2014 na Marekani 2019. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka trastuzumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaidhinisha ya kwanza iliyotengenezwa na kampuni nyingine kwa kufuata ile ya awali, likisema ni nafuu kwa takriban asilimia 65. Muuzaji anayejua kwamba wenzake wako mlangoni huwa msikivu. Hata hivyo, washindani peke yao wasingetosha. Kilichoongezeka mwaka 2025 ni mnunuzi mmoja mwenye jina, anayelipa kwa nchi nzima, awamu baada ya awamu.

Kizazi kilichofuata cha kingamwili, zile zinazofungua breki za kinga ya mwili ili ishambulie saratani yenyewe, ndicho kinachotajirisha kampuni sasa. Keytruda peke yake iliiletea Merck dola bilioni 29.5 mwaka 2024. Septemba 2025 WHO ilipanua matumizi yake kwenye orodha ya dawa muhimu hadi saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa, moja ya saratani zinazoua wanawake wengi zaidi Kenya. Kwa bajeti ya kaunti, hilo bado ni jambo la kusoma gazetini.

Lakini kuna kingamwili nyingine ambayo Kitui inaihitaji usiku huu huu, nayo haina mkataba wa aina hiyo. Dawa ya sumu ya nyoka pia ni kingamwili, tena ni mojawapo ya za kwanza kabisa kuuzwa duniani, tangu Mfaransa Albert Calmette alipoibuni miaka ya 1890. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo kwa miezi, damu yake hutolewa, kingamwili zikachujwa na kutiwa chupani. Njia hiyo haijabadilika sana kwa zaidi ya miaka 120. Kwa kuwa ni protini za farasi, na nyingi kati yake hazihusiani na sumu yoyote, mwili wa mgonjwa huweza kuzikataa kwa kishindo. Muuguzi mwangalifu huweka adrenalini karibu kabla ya kufungua dripu.

Wanaohitaji dawa hiyo si wachache. Ndengu huvunwa kwa mkono, mtu ameinama, na bafe hulala palepale bila kukimbia. Swila hutema sumu machoni au huingia nyumbani kufuata kuku na panya. Koboko ni wa kichakani na kwenye vichuguu. WHO inakadiria kwamba nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakulima na watoto wa vijijini. Wateja wa namna hiyo hawamvutii mwenye kiwanda. Sanofi ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza Fav-Afrique, dawa iliyosifiwa barani kote. Ikaacha mwaka 2014, na chupa za mwisho zikaisha muda Juni 2016. Pengo lilijazwa na watengenezaji wa India, Mexico na kwingineko, wengine wazuri, wengine wa kutiliwa shaka. Afrika imewahi kuuziwa chupa zilizotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia, ambazo kwa nyoka wa huku zilifaa kidogo mno.

Hapo ndipo biashara ilipoingia kwenye mduara mbaya. Dawa isipofanya kazi, daktari hupoteza imani nayo na mgonjwa humrudia mganga na jiwe lake jeusi. Hospitali huagiza chupa chache, nazo huisha muda kabatini. Mtengenezaji anayeuza kidogo hupandisha bei, na kaunti huagiza chache zaidi. Tangu ugatuzi wa 2013, ununuzi wa dawa ni kazi ya kila kaunti, kwa kawaida kupitia KEMSA, mamlaka ya taifa ya kusambaza dawa, na oda ya kaunti moja haimshtui mtu kiwandani. Bima hata ikikubali kulipa, haiwezi kulipia chupa ambayo haiko kwenye friji.

Kitu kimoja cha ajabu: Serikali imewahi kukubali kulipa pesa nyingi, ila baada ya kifo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori, na nyoka wenye sumu walikuwemo kwenye orodha yake ya awali. Milioni 5 zingenunua Herceptin ya wagonjwa karibu 7 kwa bei ya leo. Zingenunua chupa ngapi za dawa ya nyoka, afisa yeyote wa ununuzi pale Wote, Makueni, anaweza kujipigia hesabu.

Kwa upande wa sayansi, saratani na nyoka zimeanza kukutana. Mwaka 1993 watafiti wa Brussels waligundua kwamba ngamia na jamaa zake wana kingamwili za aina ya pekee, ndogo na ngumu kuharibika. Vipande vyake, vinavyoitwa nanobodi, vimeingia kwenye tiba ya saratani: Carvykti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa saratani ya uboho, inavitumia. Oktoba 2025, timu iliyoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark ilichapisha katika jarida la Nature mchanganyiko wa nanobodi 8 zilizotokana na lama na alpaka, jamaa za ngamia, ambao uliwakinga panya wa maabara dhidi ya sumu ya spishi 17 kati ya 18 za jamii ya swila na koboko wa Afrika. Nanobodi huzalishwa na vijidudu tangini, bila farasi.

Bafe hayumo katika mchanganyiko huo. Uligusa jamii ya swila na koboko tu, na majaribio kwa binadamu bado. Watafiti wa nyumbani wapo pia: kituo cha utafiti wa nyoka cha Taasisi ya Utafiti wa Nyani, Karen, kinashirikiana na Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Liverpool, na kinafuga nyoka wa Kenya ili dawa zipimwe kwa sumu ya huku.

Kinachokosekana ni oda. Kiwanda chochote, cha farasi au cha tangi, huuliza: chupa ngapi, kila mwaka, kwa miaka mingapi? Kitui, Makueni na Machakos tayari ziko pamoja katika jumuiya ya kiuchumi ya SEKEB, na nyoka havuki mpaka wa kaunti kwa kibali. Zikiagiza kwa pamoja, kwa mkataba wa miaka mitatu au minne, na kuzungusha chupa zinazokaribia kuisha muda kutoka hospitali tulivu hadi yenye wagonjwa, zitakuwa na la kusema mbele ya KEMSA. Kabla ya hapo zinahitaji hesabu ya wanaoumwa, na hesabu hiyo huanzia kwenye zahanati. Kipimo cha kuanzia ni chupa safi ya kioo: damu kidogo hutiwa humo, ikaachwa dakika 20 bila kutikiswa, kisha chupa ikainamishwa. Damu isipoganda, sumu imeshaingia kazini. Jibu hilo likiandikwa kwenye rejista, pamoja na jina la kijiji na aina ya nyoka ikiwa inajulikana, afisa wa ununuzi anapata namba ya kupeleka mezani.