Goma: Barabara kuu iliyojengwa juu ya lava

Anayepita Boulevard Kanyamuhanga, barabara kuu ya katikati ya mji wa Goma, anakanyaga barabara mbili. Ya juu ni hii yenye maduka, benki, teksi za pikipiki na chukudu zilizosheheni mizigo. Ya chini imelala chini ya lava tangu tarehe 17 Januari 2002.

Siku hiyo volkano ya Nyiragongo, kaskazini mwa mji, ilipasuka ubavuni. Lava ilishuka kupitia Munigi, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji, ikabomoa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na kuingia Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 100 walifariki, na takriban 120,000 walibaki bila makao. Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, nchini Rwanda.

Wengi walirudi baada ya siku chache, mawe yakiwa bado ya moto. Katika baadhi ya majengo, ghorofa ya kwanza ndiyo ikawa mlango wa barabarani. Lava ikapasuliwa kwa nyundo, ikawa misingi na kuta.

Kwa nini hawakuhamia kwingine? Kusini kuna bandari ya ziwa, mashariki mpaka wa Rwanda, kaskazini njia ya Rutshuru inayoleta vyakula, magharibi njia ya Sake na Masisi. Biashara ya Goma inaishi pale njia hizo zinapokutana.

Lakini njia hizo hizo ndizo za kukimbilia. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena bila onyo la mapema. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku 5 baadaye, mamlaka zilipoamuru sehemu ya mji ihamwe, njia ya Sake ilijaa magari, pikipiki na watu wa miguu waliobeba magodoro. Vita navyo vimezifunga njia za Rutshuru na Sake kwa nyakati tofauti.

Nyiragongo haijazimika, na lava hufuata mteremko. Kwa mkaaji wa Goma, kuijua njia ya kutokea mtaani kwake ni muhimu kama kuijua njia ya sokoni.