Nguchiro Wadogo si Wezi wa Usiku

Majuzi nilifuatana na Bwana Shamba kwenda Kitengela. Tulimkuta mzee mmoja akiziba matundu ya kichuguu kilicho kando ya shamba lake, tayari kukitia moto.

"Nguchiro wa humu wamenimalizia kuku," alisema.

"Pole, mzee. Waliibwa wakati gani?"

"Usiku, tumelala sote."

Hapo kesi ikageuka. Wakazi wa kichuguu kile ni nguchiro wadogo kabisa, uzito wao yapata gramu 300. Hutembea mchana tu. Jua likitua wamo ndani wamelala. Anayevunja mabanda usiku mara nyingi ni nguchiro mkubwa mwenye mkia mweupe.

Wataalamu wamewachunguza hawa wadogo kwa miaka mingi. Bwana Jon Rood alianza kuwatazama Serengeti mwaka 1974, na Bibi Anne Rasa akawafuata katika nyika ya Taru, hapa Kenya. Waliona kwamba jike mkubwa ndiye kiongozi wa kundi, na kwa kawaida yeye na dume lake ndio wazaao. Wengine wote hulea. Mmoja hubaki nyumbani na watoto, wengine huwaletea wadudu, na mara nyingine hata jike asiyezaa hutoa maziwa akawanyonyesha. Mlinzi hukaa mahali palipoinuka akimwangalia kipanga. Jamaa zao wa Kalahari, waliochunguzwa tangu 1993, huishi karibu vivyo hivyo.

Bibi Rasa alieleza mwaka 1983 ushirika wao na hondohondo. Asubuhi ndege hawa huwangojea kwenye kichuguu, kisha huandamana nao wakila panzi wanaofurushwa majanini. Nao huwaonya nguchiro adui akitokea.

Chakula cha nguchiro hawa ni mende, panzi, mchwa, nge na hata panya. Kwa mkulima hao ni vibarua wasiodai mshahara.

Basi, ndugu wakulima, fanyeni hivi:

1. Fungieni kuku kabla ya jua kutua, katika banda imara lenye wavu wa waya usioacha nafasi chini.
2. Okoteni mayai mapema, maana nguchiro yeyote akiyakuta hula.
3. Kichuguu cha mpakani kiacheni.
4. Msitege sumu, huua mbwa wenu na tai pia.

Yule mzee aliyazibua matundu mwenyewe. Kisha akatuomba tumwonyeshe namna ya kutengeneza mlango wa banda lake.