Fahamu: Kwa nini uniti ya 76 ya LUKU ni ghali Karagwe na Kyerwa

Kama nyumba yako Kayanga au Nkwenda iko daraja la D1, yaani la watumiaji wadogo wa umeme, chunga namba 75. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni Sh100 kila moja. Zinazozidi ni Sh350, kabla ya kodi na tozo.

Balbu ya LED ya wati 9, ikiwaka saa tano kila usiku, haifikishi uniti mbili kwa mwezi. Ile ya zamani ya wati 60 hula tisa. Ila walaji wakubwa ni vyombo vya joto. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima, uniti imekwenda. Basi nguo za wiki zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja. Ndizi? Jiko la umeme la presha huziivisha kwa umeme mchache kuliko jiko la koili, tena kwa mbali.