Makaburi ya Makabaka huko Kasubi

Katika kilima cha Kasubi, mjini Kampala, pana nyumba kubwa ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi, jina lake Muzibu-Azaala-Mpanga. Humo wamezikwa Makabaka wanne wa Buganda. Lakini yafaa tujue ya kuwa hapo kale haikuwa desturi ya Waganda kuwazika wafalme wao pamoja.

Zamani Kabaka alipokufa, mwili ulizikwa mahali pamoja, na mfupa wa taya uliondolewa ukawekwa katika nyumba nyingine. Kwa maana waliamini ya kuwa roho hufuatana na taya. Basi kila mfalme alikuwa na ziara yake.

Aliyegeuza desturi hiyo ni Mutesa wa Kwanza. Nyumba hiyo aliijenga mwaka 1882 iwe jumba lake. Naye alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo humo, taya lake lisiondolewe. Mwanawe Mwanga alihamishwa na Waingereza, akafa Shelisheli mwaka 1903. Mwaka 1910 mwili wake ukarudishwa, ukalazwa kwa baba yake. Daudi Chwa akafuata mwaka 1939. Mutesa wa Pili naye alikimbia nchi mwaka 1966, akafa London mwaka 1969, akarudishwa mwaka 1971. Hivyo wawili katika hao wanne walifia ugenini, na kaburi la mzee wao likawa ndipo pa kuwarejeza kwao.

Lugha nayo yatufunza jambo. Waganda hawasemi waziwazi ya kuwa Kabaka amekufa, bali husema moto wa Buganda umezimika. Na mahali pa makaburi, nyuma ya pazia la nguo za magome ya mti, huitwa Kibira, yaani msitu: mfalme hakufa, ameingia msituni. Mwalimu atakayeuliza habari za kifo chake kwa maneno makavu atawaudhi wenyeji bila kukusudia.

Tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto. Ikajengwa tena kwa nguzo, matete na nyasi. Maana kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, nao hurithishana ufundi huo, mzee kwa kijana. Mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.